Mwanangu, machafuko si bahati nasibu

Mwanangu mpendwa,

Umeniambia kuwa umeanza kusoma nadharia ya machafuko, yaani hisabati ya mifumo ambayo tofauti ndogo ya mwanzo huikuza ikawa kubwa, na kwamba kwa ulivyoielewa inathibitisha mambo mengi duniani hutokea kwa bahati tu. Hapo sikubaliani nawe. Kabla hujanijibu, chukua kikokotoo.

Anza na 0.3. Izidishe kwa kilichobaki kufika 1, yaani 0.7, kisha uzidishe kwa 4. Utapata 0.84. Ifanyie 0.84 vivyo hivyo, uendelee hadi hatua ya kumi: utafika karibu na 0.04. Sasa rudia ukianzia 0.301. Mwanzoni namba zitafuatana na zile za kwanza kama pacha, lakini ya kumi itakuwa karibu 0.62. Bahati iko wapi? Hukurusha sarafu hata mara moja.

Tofauti ndogo ya mwanzo hukua, kwa wastani, mara mbili kila hatua. Basi hata ukipima mwanzo kwa usahihi ulio mara 1,000 zaidi, unajipatia hatua kama kumi tu za ziada, maana 2 ikizidishwa yenyewe mara kumi ni 1,024. Jasho jingi, ujira kiduchu!

Edward Lorenz, mtaalamu wa hali ya hewa, alikumbana na jambo hilo mwaka 1961 katika chuo kikuu cha MIT huko Marekani, akiiga mwenendo wa hali ya hewa kwa kompyuta. Mashine ilihifadhi 0.506127 ndani yake, ila ilichapa 0.506. Alipoingiza hiyo fupi ili arudie hesabu kuanzia katikati, matokeo yakashika njia nyingine kabisa. (Yule kipepeo maarufu wa nadharia hii, anayesemwa kuwa akipiga mabawa huweza kubadili hali ya hewa ya mbali, namwacha makusudi. Amewafanya wengi wadhani ndiye anayeumba tufani.)

Ndiyo maana watabiri wa hali ya hewa siku hizi huendesha hesabu ileile mara nyingi, kila mara wakibadili mwanzo kidogo. Matokeo yakikaa pamoja, husema kwa kujiamini. Yakitawanyika, hutaja uwezekano. Uwezekano huo unatokana na sisi kutoujua mwanzo sawasawa. Ndani ya milinganyo yenyewe haumo.

Sasa badili ile 4 iwe 3.2: namba zitatulia, zikipokezana mbili tu, karibu 0.513 na 0.799. Kwa 3.5 zitakuwa nne. Mwanafizikia Mitchell Feigenbaum alifuatilia kuongezeka huko maradufu, akakuta kwamba kadiri ile namba ya kuzidishia inavyopandishwa, umbali kati ya ongezeko moja na linalofuata unafupika kwa uwiano unaokaribia 4.669, na uwiano huohuo ukajitokeza katika milinganyo mingine mingi. Hilo mimi linanishangaza kuliko machafuko yenyewe. Ukimaliza, jaribu 3.83, uniandikie ulichokuta.

Mama yako