Usiiuze kamera kabla ya bamvua

Tanga, Jumapili usiku

Mwanangu,

Assalaam aleikum. Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi. Magoti ya mama yako yamepoa kidogo tangu mvua ikatike. Nakuandikia kwa sababu jana kwenye simu ulinitamkia jambo zito, kisha ukasema mtandao mbaya ukakata. Umepata mtu wa kununua kamera. Ijumaa anakuja na pesa mkononi. Na sababu uliyonipa ni kwamba Unguja imeshapigwa picha yote, hakuna kilichobaki.

Nakuomba usiiuze Ijumaa, mama. Ngoja mabamvua matatu yapite, zile siku bahari inapojaa na kupwa kuliko kawaida, wiki sita tu. Baada ya hapo ukiona moyo bado umekufa, uza, na mimi sitafungua mdomo.

Sikatai ulichosema. Kamera zilifika Unguja tangu karne ya 19, akina Gomes wakafungua studio yao. Mwaka 1930 Ranchhod Oza akafungua Capital Art Studio, na tangu Mji Mkongwe uingie katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, kila mgeni anashuka bandarini na kamera yake. Lakini zitandaze picha hizo uziangalie. Mlango uliofungwa, umepigwa kwa mbele. Ngalawa na machweo. Vijana wakijirusha baharini pale Forodhani. Ni picha kumi, au pungufu, zilizorudiwa mara elfu, watu wamesimama palepale, saa ileile. Machweo yale hukuyaanza wewe, najua. Kuna mtu aliichukua picha yako ya kwanza ya machweo, akaikuza ikawa na upana wa meza, akaitundika sebuleni na kumsimamisha kila mgeni mbele yake. Bado ipo pale, juu ya kochi.

Tazama Beit el-Ajaib. Sultani Barghash aliijenga mwaka 1883, na sidhani kuna jengo Unguja lililopigwa picha kama lile. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya mbele ikaporomoka pamoja na mnara wa saa, na watu wawili wakafa. Picha za mbele yake zikiwa na anga jekundu zimejaa kila mahali. Lakini fundi wa kulirudisha jengo hatafaidika na anga. Atataka kuona boriti iliingiaje ukutani, nguzo ilikaliaje msingi wake, ufa ulianzia kona gani. Mtu aliyeingia na kupiga vitu hivyo, hata kwa simu, ameacha kitu ambacho hakiwezi kupigwa tena. Kwa hiyo ukiniambia yote yamepigwa, nitakuuliza: upande gani, na mwezi gani?

Milango nayo hivyohivyo. Wewe una lenzi ya 35, sogea. Acha mlango mzima, piga mfaa, ule mti wa wima wa katikati, pale mikono inaposukuma kila siku, mti umekuwa laini na rangi imebadilika. Piga kizingiti cha chini kilivyolika katikati. Piga njumu, yaani msumari wa pambo, iliyong'oka na ile ya bati iliyowekwa badala yake. Halafu rudi mlango ukiwa wazi, kuna mtu amekaa barazani, umwamkie kwanza. Ndani ya kichochoro mwanga ni mdogo kuliko macho yanavyodhani: anza na ISO 800, yaani wepesi wa kamera kupokea mwanga, tundu la lenzi f/4, shata 1/250 ya sekunde, kisha rekebisha. Buibui likijaza fremu, kamera hudhani kuna giza na huling'arisha mpaka linakuwa kijivu, basi shusha mwanga hatua moja. Kanzu nyeupe ikijaza fremu, pandisha hatua moja au moja na nusu. Makosa haya nimeyaona kwenye picha zako za Idi na sikukwambia, maana zilikuwa za Idi.

Na jua, mama. Unguja iko nyuzi 6 kusini mwa ikweta. Juni jua la mchana hupita kaskazini, Desemba hupita kusini, hivyo ukuta unaotazama kaskazini huota jua Juni na kukaa kivulini Desemba, na ule wa pili kinyume chake. Siku za kuzunguka mwanzo wa Machi na wiki ya pili ya Oktoba, jua hupita utosini, na kichochoro kinachokwenda mashariki na magharibi, ambacho sakafu yake huwa giza miezi mingi, hupata jua hadi chini. Mtalii wa siku nne hawezi kuyajua haya. Wewe unayeishi hapo unayaona ukienda kununua mkate. Kulikuwa na mpiga picha Prague, Josef Sudek, mwenye mkono mmoja tu, alikaa akipiga dirisha la studio yake mwenyewe tangu 1940 hadi 1954. Dirisha moja.

Lakini kwako wewe sipendekezi dirisha. Utachoka. Nakutuma Jambiani, kwenye mwani.

Najua ulishakwenda. Ulisimama mchangani na lenzi ndefu, ukawapiga akina mama wameinama, migongo tu, weusi mbele ya maji yanayong'aa. Picha hiyo kila mtu anayo, na sababu yake ni rahisi: pwani ile inatazama mashariki, asubuhi jua liko baharini, anayesimama ufukweni anapiga dhidi ya jua. Ingia majini pamoja nao, wapite, kisha geuka utazame mji. Jua litakuwa mgongoni kwako, nyuso zitaonekana, na nyuma yao kuna minazi na nyumba. Usiogope kwamba jua limepanda. Mchanga mweupe chini ya maji ya kifundoni hurudisha mwanga juu, kivuli cha chini ya macho na kidevu kinajazwa bila taa. Pale saa tano asubuhi ni saa nzuri ya kupiga uso wa mtu, ingawa wote wamekwambia upige alfajiri na jioni tu. Mmoja wao anakuandikia sasa.

Saa zake utazipata kwa mwezi. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu ndipo penye bamvua, na siku hizo maji hupwa kabisa yapata saa nne hadi saa tano asubuhi, halafu kila siku huchelewa kama dakika 50. Wakulima huanza kuingia maji yakiwa bado yanatoka. Ukifika saa nne na nusu umechelewa, watu wameshatawanyika kwenye mashamba yao. Maji mafu, siku ambazo bahari haipwi sana, usiende, utakuta bahari tupu, urudi ukisema Jambiani haina kitu.

Chagua shamba moja la mama mmoja. Mwani ukifungwa kwenye kamba leo, huvunwa baada ya wiki sita hivi, na wiki sita ndiyo mabamvua matatu ninayokuomba. Safari ya kwanza piga vigingi na kamba zinavyokazwa, na mikono inavyofunga vipande vya mbegu kwa taitai, vile vijikamba vyembamba, fundo kwa fundo, kabla maji hayajarudi. Mikono ile ni myepesi, usishuke chini ya 1/500. Mchana ule ISO 100 na f/8 inakutosha. Safari ya pili piga kamba ileile, kutoka kigingi kilekile, kwa urefu uleule wa macho, uone kilichoota na kilichoanguka. Ya mwisho, bamvua la tatu baada ya lile la kufunga, ni mavuno: uzito wa gunia bichi kichwani, ambalo kila kilo saba hivi zikikauka hubaki kama moja. Kisha wafuate nyumbani, kwenye kuanika, maana hapo hakuna anayefika. Mwani unaanikwa siku mbili tatu, na mvua ikiunyeshea unaharibika, basi utaona mbio za kuukusanya wingu likitokea. Ukisubiri wingu utapata picha ambayo sijaiona kwa mtu.

Na uwaulize habari za kotoni. Ndio mwani wenye bei nzuri, na ndio usiovumilia maji ya moto. Katika maji mafupi hushikwa na ugonjwa, matawi yanakuwa meupe na kukatika, kwa hiyo wengi wamebaki na spinosamu, ile aina nyingine ya mwani, na wengine wanajaribu kuhamia maji ya kina. Kilimo hiki cha kuuza nje kilianza Unguja mwaka 1989. Mama aliyeanza akiwa msichana leo ana wajukuu. Mbinu ya vigingi unayoiona leo huenda mwanao asiikute. Halafu wewe Ijumaa unataka kuuza kamera.

Chujio la kuondoa mng'ao wa maji lipo kwenye kasha langu, nitakuletea. Lizungushe taratibu jua likiwa ubavuni kwako, utaona uso wa maji unafunguka na mwani unaonekana chini. Linakula mwanga kama hatua moja na nusu hadi mbili, kwa hiyo pandisha ISO, shata usiiguse. Usibadilishe lenzi ukiwa majini hata kidogo. Kamera ikae ndani ya mfuko wa plastiki mpaka unapopiga, na vaa viatu vya mpira, miamba inakata. Ukirudi, kitambaa chenye unyevu wa maji yasiyo na chumvi, kamua sana, futa mwili wote wa kamera, kisha kitambaa kikavu. Usipulize kwa mdomo, pumzi ina maji. Ukitoka chumba chenye kiyoyozi, iache ndani ya begi nusu saa ipate joto, la sivyo lenzi inatoka jasho. Na kwa unyevu wa huko, iweke kwenye kopo la plastiki lenye kifuniko cha kubana, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu. Kabatini katikati ya nguo kuvu inaota ndani ya kioo kama utando wa buibui, na ikishakula kioo hakuna fundi wa kuitoa. Kama mnunuzi wako ameiona kuvu akashusha bei, ujue na hilo limo kwenye sababu zako.

Siku ya kwanza usitoe kamera. Beba gunia. Siku ya pili omba ruhusa kwa kila mtu, na atakayekataa mshukuru. Usipige zaidi ya picha 36 kwa safari moja, kama filimu ya zamani, ili ufikiri kabla ya kubonyeza. Nenda kazichapishe kumi bora, ukubwa wa sentimita 10 kwa 15, zitandaze mkekani usiku, uondoe tano. Zilizobaki uwapelekee wenyewe kwenye bamvua linalofuata. Hapa ndipo penyewe, mwanangu. Unangoja hamu ije ndipo utoke. Ukishampa mtu picha yake, na jirani yake akakuuliza yangu lini, utatoka hata kama hamu haipo, kwa sababu kuna mtu anakungoja majini.

Nyuma ya kila picha andika kwa penseli: jina la mtu kama alivyolitaja mwenyewe, mahali, tarehe. Faili zake ziweke sehemu mbili, na moja isiwe nyumbani kwako. Lile sanduku la negativi chini ya kitanda chetu nimelifungua juzi. Nusu yake imeshikana kwa unyevu, na nusu iliyosalimika ni mabibi harusi wasio na majina, hakuna anayeweza kusema ni nani. Picha za harusi za mji mzima zimo. Ya bibi yako akikuna nazi haimo, na mpiga picha alikuwa akila humo humo kila siku.

Basi mwambie huyo mtu wa Ijumaa asubiri. Kama ni kodi ya chumba, niambie wazi, tutatafuta. Mdogo wako ada yake ya muhula huu imeshalipwa, namshukuru Mungu, na mabati ya jikoni nimeyaahirisha hadi mwezi wa tano, maji yanaingia upande wa jiko la mkaa tu. Paka amezaa watatu juu ya magunia ya mchele, mama yako hataki wahamishwe.

Mjomba wako anavuka Jumatano. Amebeba lile chujio, betri ya pili, na nusu debe la machungwa ya Muheza, mgawane na mwenye nyumba wako. Mpe yeye ile sufuria kubwa uliyoichukua Ramadhani, tunaihitaji kwa maulidi, na mfuniko wake pia. Akifika nipigie, na uniambie kama kamera bado unayo.

Baba yako