Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Taa ya Injini Haizimwi kwa Selotepu

Wanachama wenzangu, mafundi wa injini, wa umeme wa magari, wa bodi na rangi, na nyinyi vijana ambao bado mnashikiwa mkono: hamjambo.

Nianze na ya kawaida tuyamalize. Kamati ilikutana kila mwezi isipokuwa Agosti, maana nusu yetu tulikuwa matangani na nusu ilikuwa mashambani. Hesabu atazisoma mweka hazina mwenyewe, sitamnyang'anya kazi. Michango inachelewa lakini inafika. Choo cha uani kimetengenezwa. Na yule mwanachama aliyeazima winchi ya kung'olea injini tangu Pasaka anajijua, nasi tunamjua.

Sasa nije kwa jambo lililonifanya niandike taarifa ndefu kuliko ya mwaka jana.

Mwezi wa pili niliingiziwa Toyota Fielder. Kwenye dashibodi, pale taa ya injini inapokaa, palikuwa na kipande cha selotepu nyeusi kimekatwa vizuri kwa wembe. Mwenye gari akaniambia fundi aliyemtangulia ndiye "aliizima" taa. Nikaibandua kwa ukucha, na taa ikaniangalia, njano kama kiini cha yai. Nilimcheka huyo fundi mbele ya vijana wangu. Ningejua yaliyokuwa mbele ningenyamaza.

Nilichomeka mashine ya kusomea kompyuta ya gari, ikanipa nambari ya kosa P0171, yaani hewa imezidi kipimo kwa petroli inayoingia kwenye injini. Nikafanya tunalofanya wengi wetu: nikaisoma nambari kama jina la spea. Kijana akatumwa kwenye maduka ya spea ya Kirinyaga Road, hapa Nairobi, akarudi na sensa ya oksijeni, tukaifunga, tukafuta nambari, mteja akalipa. Taa iliwaka tena kabla hajafika Pangani. Aliporudi nikabadilisha sensa ya kupima hewa, na hiyo si spea ya bei ya mchicha. Taa ikarudi. Mara ya tatu alikuja na shemeji yake, na nyote mnajua mteja akija gereji na shemeji ni dalili gani.

Aliyeniokoa ni binti wa chuo aliyekuwa kwangu kwa mafunzo ya miezi mitatu. Aliniomba niache mashine ikiwa imechomekwa na injini inaunguruma. Hakutazama nambari kabisa. Alifungua ukurasa wenye asilimia, zile zinazoonyesha kompyuta inaongeza au inapunguza petroli kiasi gani. Gari likiwa limetulia bila kukanyagwa, kompyuta ilikuwa inaongeza asilimia 24. Akakanyaga mpaka mizunguko 2500 kwa dakika, ikashuka hadi 5. Akasema, "Mzee, kuna mahali panavuta hewa ya wizi. Injini ikitulia inavuta hewa kidogo, kwa hiyo ile ya wizi inaonekana kubwa. Ukiikanyaga inavuta nyingi, ya wizi inamezwa." Akachukua kopo la dawa ya kusafishia kabureta, akapuliza nyuma ya manifoldi, lile bomba linalogawia silinda hewa, injini ikapanda sauti. Tukaingiza kioo kidogo huko chini, na hapo tukauona mpira wa kupumulia injini, umepasuka urefu wa kidole, kwa upande ambao huuoni ukisimama. Bei yake haifiki sahani ya ugali na nyama.

Pesa za sensa mbili nilizirudisha. Nimeandika haya ili niyaseme mwenyewe kabla hamjanisemea.

Wapo mnaosema mambo haya yameharibika juzi, kwamba zamani gari lilikuwa gari. Ndiyo sababu mwaka huu tulianzisha zile jioni za hadithi za magari, baada ya kazi, tukikalia matairi. Nilidhani zitakuwa za kupoteza muda. Zimetufunza kuliko semina.

Katika jioni ya kwanza tulimzungumzia Bertha Benz. Agosti 1888, bila kumwambia mumewe Karl aliyelibuni, alichukua gari la magurudumu matatu pamoja na wanawe wawili wa kiume, wakatoka Mannheim kwenda Pforzheim, zaidi ya kilomita 100. Bomba la mafuta lilipoziba alilizibua kwa pini ya kofia. Waya wa moto ulipochubuka aliuzungushia mkanda wake wa soksi. Mafuta aliyanunua katika duka la dawa la Wiesloch. Breki za mbao zilipolika alimwendea fundi viatu akazipigilie ngozi. Mwanachama mmoja akapiga paja: "Kumbe jua kali ilianzia Ujerumani!" Mimi nililoliona ni kwamba yule mama alijua kila kitu kilichokuwa ndani ya lile gari. Kilikuwa kidogo, lakini alikijua chote.

Jioni iliyotuchukua muda mrefu ni ya kompyuta. Wengi wetu tulikuwa tunaamini kompyuta kwenye gari ni fitina ya Wajapani ya kutunyima kazi. Sivyo. Mwaka 1958 Chrysler ya Marekani ilifunga mfumo wa kunyunyizia petroli kwa umeme, uliotengenezwa na kampuni ya Bendix, kwenye magari machache tu. Vifaa vya umeme vya wakati ule havikustahimili joto na mtikisiko. Magari mengi yakarudishwa, yakafungwa kabureta. Mfumo wenyewe haukuwa na kosa la akili, ila ulikuja kabla ya vifaa vya kuubeba na kabla ya fundi wa kuuelewa. Kampuni ya Bosch iliuendeleza, na kufikia 1967 Volkswagen 1600 ilikuwa inauzwa Marekani ikiwa na petroli inayopimwa kwa kompyuta ndogo. Kilichousukuma mfumo huo ni sheria ya moshi. California ilikuwa inakohoa, serikali ikabana, na kabureta haikuweza kupima kwa usahihi uliotakiwa. Ile soketi ya pini 16 iliyo chini ya usukani imetoka huko huko: Marekani iliilazimisha kwa magari yote ya modeli ya 1996, ili mkaguzi wa moshi achomeke kifaa kimoja kwenye gari lolote. Sisi tunaiona kama mlango wa gereji. Wao waliiweka kama mlango wa mkaguzi.

Wazee wa Grogan, mtaa wetu wa gereji, wakakumbushana jinsi Toyota za miaka ya tisini zilivyosomwa bila mashine. Unafungua boneti, unafungua kile kisanduku kidogo, unaunganisha matundu yaliyoandikwa TE1 na E1 kwa kipande cha waya, unawasha swichi, unahesabu taa inavyokonyeza. Mbili, kituo, mbili: 22, sensa ya joto la maji. Vijana walicheka wakadhani ni ushirikina, mpaka mzee mmoja akaifanya palepale kwenye Corolla yake.

Tuliongea pia kuhusu NSU Ro 80 ya Ujerumani. Ilitoka 1967 na injini ya Wankel, isiyo na pistoni zinazopanda na kushuka bali rota inayozunguka, ikatawazwa Gari la Mwaka Ulaya kwa 1968. Ilikwenda laini kama siagi. Lakini vibanzi vya kuziba kwenye ncha za rota vililika upesi, kampuni ikabadilisha injini kwa gharama yake mpaka ikaishiwa nguvu, na mwaka 1969 ikamezwa na Volkswagen. Inasimuliwa kwamba wenye magari hayo walipopishana njiani walionyeshana vidole: kila kidole injini moja iliyobadilishwa. Sikuweza kucheka sana. Nimewaona wateja wa giaboksi za CVT, zile za mkanda na puli badala ya gia, wakipishana.

Ya kwetu hayakusahaulika. Safari Rally ilianza 1953. Mwaka 1963, kati ya magari 84 yaliyoanza, yalimaliza 7, na Peugeot 404 ikashinda, kisha ikashinda tena 1966, 1967 na 1968. Ndiyo maana baba zetu waliiamini Peugeot kama benki. Dereva wetu Joginder Singh naye alishinda 1965 kwa Volvo PV544 iliyokuwa tayari imechapwa na dereva mwingine katika Safari ya mwaka uliotangulia. Kwa lugha yetu, alishinda na mtumba. Na Nyayo Pioneer je? Rais Moi aliagiza 1986, wahandisi wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao wakaunda magari matano ya majaribio, na mwaka 1990 yakaonyeshwa, yakiwa na uwezo wa kilomita 120 kwa saa. Hayakufika sokoni. Kiwanda kikaishia kuwa Numerical Machining Complex, wachongaji wa vipuri. Mzee mmoja aliposikia hapo alisema kwa uchungu kwamba hata gari la serikali liliishia kuwa spea. Tuliacha hapo, maana mjadala ulianza kuelekea siasa.

Nimeyasimulia kwa sababu kuna jambo moja nataka tulikubali mwaka huu. Gari la mtumba haliruhusiwi kuingia Kenya likiwa limepita miaka minane. Tunailalamikia kanuni hiyo kwa sababu ya bei. Lakini igeuzeni muitazame upande wa fundi: tumepewa notisi. Kinachouzwa kipya Japani leo kitatufikia, na tunajua takriban lini. Mwaka 1996 Mitsubishi ilitoa Galant ya GDI, petroli ikimwagwa moja kwa moja ndani ya silinda, na Toyota ikafuata na D4 yake. Miaka ikapita, magari yakashuka Mombasa, nasi tukayapokea kwa spana na dhana. Tukawaambia wateja "hiyo injini ni mbaya, usinunue". Pampu ya presha kubwa hatukuijua, kaboni kwenye vali hatukuijua. Jina la D4 limeharibika mjini humu, na sehemu ya lawama ni yetu. Haibridi, gari la petroli na umeme pamoja, pia tulipewa notisi. Prius ya kwanza iliuzwa Japani 1997! Leo teksi ngapi za Toyota Aqua, haibridi nyingine, zinapita Ngara kwa saa moja, na wangapi kati yetu tunathubutu kufungua betri yake?

Malalamiko machache, kwa haraka. Duka moja liliuzia wanachama wawili mafuta ya kawaida ya giaboksi ya otomatiki kwa kuapa kwamba yanafaa CVT. Hayafai. CVT inategemea mafuta yake maalum ili mkanda wa chuma ushike puli bila kuteleza, na giaboksi zote mbili zilikufa. Someni kifuniko au kijiti cha kupimia, msisome uso wa muuzaji. La pili, redio za Toyota za Japani. Ukitoa waya wa betri, redio inajifunga na kuomba namba. Mimi mwenyewe nimewahi kumkabidhi mteja gari lililochomelewa vizuri sana na redio iliyokufa. Muulizeni mteja kabla ya kugusa betri.

Mapendekezo ni mawili. La kwanza, tutoze daignosisi, yaani kazi ya kutafuta kasoro. Mteja anadhani mashine ndiyo inayojua na sisi ni wa kuichomeka tu, na tumemfundisha hivyo wenyewe kwa kupima bure na kurudisha pesa zetu kwenye spea. Ndiyo maana tunabadilisha sensa zisizo na kosa: tusipouza spea hatuli. Daktari analipwa kwa kukupima hata akikwambia uende nyumbani ukanywe maji. Yule binti alitumia dakika arobaini kupata mpira wa bei ndogo. Zile dakika arobaini ndizo zilizokuwa kazi.

La pili litaleta kelele. Kamati imegawanyika kuhusu akiba yetu. Wenzangu wanataka ploti, na sisemi ploti ni mbaya, ardhi haiozi. Mimi nataka sehemu ya akiba hiyo, kabla ya ploti, inunue glavu za mpira za kuzuia volti 1000, vifaa vyenye mishikio isiyopitisha umeme, na imlipe mwalimu wa haibridi kwa muhula mzima. Stima ya nyumbani ni volti 240. Betri ya Aqua ni 144, mtaniambia ni ndogo, lakini inverta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri uendeshe mota, huipandisha hadi karibu 500, na umeme wa betri hauna swichi ukutani ya kukimbilia. Tutapiga kura, nami nikishindwa nitatafuta ploti pamoja nanyi bila kununa.

Baada ya kura kutakuwa na somo la kwanza, hapo hapo uani. Nahitaji Aqua moja ya mwanachama, na mwenyewe aje na namba ya redio yake. Tutazima gari, ufunguo tutaupeleka mbali, tutatoa waya wa hasi wa betri ndogo, tutavaa glavu na kuchomoa plagi ya usalama inayokata umeme wa betri kubwa, kisha tutangoja dakika kumi kamili ili umeme uliobaki kwenye inverta uishe. Hakuna atakayegusa waya wowote wa rangi ya chungwa, ule wa volti kubwa, kabla ya dakika hizo kwisha na mita kusoma sufuri. Ile plagi nitaitia mfukoni mwangu, nami nitakuwa wa mwisho kuondoka uani.