Mwewe hapigwi picha akiwa kafungwa kamba

Mhariri, habari za kazi. Naomba nafasi kidogo niongelee mwewe, ndio hao hao wanaobeba vifaranga vya mama zetu, maana ni mwaka wa tatu sasa kila Jumamosi nadamka na kamera kwenda kuwapiga picha hapa Mwanza na sijawachoka hata kidogo.

Wengi hatuwaangalii kwa sababu wamejaa. Pale Mwaloni Kirumba, kwenye soko la samaki, asubuhi wanatanda juu ya mapaa ya mabati wakivizia utumbo wa samaki. Ila mkazie macho mmoja tu: mkia wake una panda kama ya manati na anaupindisha huku na huku kama usukani, mabawa hata hayapigi, halafu ghafla huyoo anashuka, anakwapua kitu majini kwa kucha na anakila huko huko angani bila kutua. Mwenye mdomo wa njano ndio mkubwa, mwenye mdomo mweusi bado mtoto. Haya nimeyaona kwa kukuza picha zangu usiku nikiwa kitandani.

Anayetaka kuanza aje asubuhi, jua linatokea mgongoni kwako ukiwa unatazama ziwa kwa hiyo ndege anapata mwanga wote usoni. Spidi ya shata, yaani muda kamera inaofunguka kuingiza mwanga, naweka 1/2000 ya sekunde, ukishuka sana mabawa yanatoka ukungu. Lenzi yangu ya kuvuta mbali ni ya mtumba, milimita 300, inatosha kabisa. Wiki nne mfululizo nilirudi na picha za mikia tu, ya tano nikampata mmoja ananitazama, jicho lote liko kwenye fokasi, nikakaa juu ya jiwe mikono inatetemeka nikampigia mke wangu hapo hapo, saa moja asubuhi.

Sasa kilichonifanya niandike. Mwezi uliopita kwenye mwalo mmoja, pale wavuvi wanaposhushia samaki, nimekuta vijana wamemfunga mwewe kamba mguuni, "bro piga picha, buku tu". Ndege kaachama mdomo anahema, manyoya ya bawa moja yamevunjika. Sikupiga. Nikawaonyesha kwenye kamera wale wa angani, mmoja akauliza hii umeipigia wapi, nikamwambia hapo juu yako. Wakaikata kamba wenyewe ila yule ndege hakuweza kuruka, aliishia kwenye mawe, na iliniuma sana.

Jamani kamba na manati tuache. Ukitaka tai kabisa panda boti nenda kisiwa cha Saanane, ni hifadhi ya taifa tangu 2013 na ipo mlangoni kwetu, kaa kimya umsubiri furukombe, yule mwenye kichwa cheupe, utamsikia kabla hujamwona.

Na wewe mhariri, twiga na simba wa Serengeti mnatuwekea kila siku na ni vizuri, ila tuwekeeni na mwewe wa ziwani hata mara moja. Picha ninazo, nitazileta ofisini mwenyewe.

Mpiga picha wa Jumamosi,
Kirumba, Mwanza