Tinti ya gari: ubandike mwenyewe au umwite fundi?

Mhariri,

Naomba nafasi niwashauri wanaonunua karatasi ya tinti Kariakoo wakidhani kukwepa ujira wa fundi ni faida tupu. Kioo cha mlango mtu makini anaweza kukibandika mwenyewe, mradi akioshe kwa maji ya sabuni, akae pasipo upepo wala vumbi (sharti gumu kwa wengi wetu Dar es Salaam), na asukume maji yote kwa raba kabla gundi haijashika. Kioo cha nyuma ni habari nyingine: kimepinda, hivyo karatasi hupashwa hewa ya moto ili isinyae na kufuata umbo lake, na anayekosea akaibandua kwa wembe huweza kukata nyaya nyembamba za kuondoa ukungu. Hapo mlipeni fundi, ila kwanza mkague kingo za vioo alivyokwisha kubandika.

Msomaji wenu,
Ilala, Dar es Salaam