Kumbe mla tokeni nilikuwa mimi

Besti wangu,

Sasa wewe, mama ako salama? Mimi niko tu huku Kiamunyi, hii baridi ya Julai itanimaliza, asubuhi upepo unashuka kutoka Menengai unausikia hadi kwa mifupa. Nimeona venye umeniandikia ati unahamia Mamboleo na yule msichana wa kazini kwenu na mita ya stima ni moja. Wueh. Kabla hujabeba godoro wacha nikupe yangu.

Si unajua mimi na rumeti wangu tulikuwa tunagawana tokeni nusu kwa nusu, kila mtu 1500 kwa mwezi, na hakuna mtu alikuwa analalamika. Mwezi wa sita akanunua friji ya mkono wa pili, inanguruma usiku kama mashine ya kusaga unga, na mwezi huo huo tokeni ikaanza kuisha mapema, tarehe 22 tuko giza. Mimi nikajua tu ni hiyo friji, ningejua aje kitu kingine na ndiyo inapiga kelele? Nikaanza vituko, yeye akienda kazi naizima, maziwa yake yakaharibika mara mbili na nikanyamaza kama sijui chochote (usinicheke, najua). Naye akaanza maneno ati laptopu yangu haitoki kwa soketi, ati nachaji simu 2. Tukafika mahali tunaongea kwa WhatsApp na tumelala vyumba vinapakana.

Halafu usiku mmoja stima ikaisha, zile namba 20 za tokeni ziko kwa simu yake juu ni yeye alinunua, na yeye yuko shifti ya usiku na simu imezimwa. Nilikula ugali baridi na tochi. Kesho yake tuligombana hadi mama wa nyumba inayofuata akafunga dirisha.

Kaka yake ni fundi wa stima, akapiga simu akasema nyinyi wawili wacheni kelele, someni mita. Zima kila kitu, wacha kimoja, angalia namba kabla na baada. Tukaanza na friji, tukaiacha peke yake tangu saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi: yuniti 0.3. Basi. Kumbe ile kelele si kula, friji ikishapoa mota inazima yenyewe, inakaa, inawaka tena, kwa siku nzima haifiki hata yuniti moja. Halafu tukaja kwa shawa ya maji moto. Mimi nikaingia kuoga kama kawaida yangu, dakika 15, mita ilikuwa 43.6, nikatoka nikiwa na taulo nikakuta amesimama hapo kwa mita ameikodolea macho, 42.2. Hakusema kitu. Ile shawa imeandikwa wati 5500, hiyo ni kama kuwasha friji siku nzima na nusu ndio mimi nioge mara moja, na baridi ilivyoingia Juni nilikuwa naoga asubuhi na jioni. Piga hesabu, ni kama yuniti 84 kwa mwezi, za mwili wangu tu. Laptopu na simu hata hatukupima, ni pesa ya sukari.

Kingine hakuna mtu aliniambia, bei ya yuniti inategemea mnatumia ngapi kwa mwezi, Kenya Power wanachukua wastani wa miezi 3. Ukiwa chini ya 30 ni bei nafuu, ukipita 30 inapanda, ukipita 100 inapanda tena. Kwa hivyo watu wawili wa kutumia kidogo kidogo wakikaa kwa mita moja wanaweza kujikuta juu, na mimi na maji yangu ndio nilitupitisha hiyo 100. Na hapa Olkaria, kwenye wanatoa stima ya mvuke wa ardhini, iko kaunti yetu kabisa, ungedhani watatuhurumia.

Sai yeye anatoa 1000, mimi naweka zingine zote, na yeyote akinunua tokeni anatuma zile namba kwa grupu ya sisi wawili hapo hapo, hata kama ni usiku wa manane. Maziwa nilimlipa pia, pakiti 4, ingawa yaliharibika 2.

Wewe huko Kisumu na joto hilo sidhani mtahitaji shawa, ni feni, na feni haili kitu. Muulize tu huyo dada anapika na nini. Kama ni koili ya stima na anapenda githeri, masaa 3 ya maharagwe ni yuniti 3 au 4 zimeenda, mwambie anunue gesi kabla hamjaanza kugawana chochote.

Ukija Agosti karibu sana, lakini utaoga na beseni.

Wako wa Kiamunyi