Dagaa wanavuka mpaka, muuzaji wetu anabaki Mwaloni

Mhariri,

Kila msimu wa maonesho ya biashara unapokaribia, wajasiriamali wa Kanda ya Ziwa huhimizwa kulipia mabanda ili wapate masoko ya nje. Kwa dagaa, soko hilo limeshafika. Wanunuzi kutoka Kongo, Rwanda na Burundi huja wenyewe Kirumba Mwaloni, soko la samaki na dagaa la hapa Mwanza, hulipa, hupakia na kuondoka. Mzigo unavuka kwa jina lao na bei ya Goma au Bujumbura wanaijua wao. Anayehitaji msaada wa Serikali ni muuzaji wa hapa anayetaka kuvusha mzigo kwa jina lake mwenyewe, na kwake banda halisaidii kitu.

Serikali ilishaifanya kazi ya namna hii, tena vizuri, kwa sangara. Kati ya 1997 na 1999 Umoja wa Ulaya uliwawekea vikwazo samaki wa Ziwa Victoria zaidi ya mara moja: kwanza kwa hofu ya salmonela na kipindupindu, kisha kwa taarifa za uvuvi wa sumu. Viwanda visingejinasua peke yao, maana mnunuzi wa Ulaya hapokei neno la mwenye kiwanda. Anataka cheti cha mamlaka ya nchi inayotambulika kule. Ukaguzi ukaimarishwa, sampuli zikapimwa, na minofu ikarudi sokoni. Leo maabara ya samaki ya Nyegezi ipo hapa hapa Mwanza. Dagaa hawajapewa uzito huo.

Tuanzie mchangani. Kilo moja ya dagaa wakavu hutokana na kilo tatu na nusu hadi nne za wabichi. Lori la tani kumi kwa hiyo linakula tani 35 hadi 40 kutoka mitumbwi mingi na waanikaji wengi. Mmoja akianika chini, mchanga wake unachanganyika na dagaa wa wote, na mzigo mzima unashuka hadi bei ya chakula cha kuku. Kichanja cha nyavu kilichoinuliwa kama mita moja, dagaa wakatandazwa kwa tabaka jembamba, huondoa mchanga na kuharakisha ukaukaji, kwa sababu hewa hupita juu na chini. Anayefunga gunia dagaa hawajakauka sawasawa atafungua ukungu mwisho wa safari. Vichanja si ghali kama vinavyosemwa, na mikopo inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, ambayo haina riba, ingevijenga mwalo kwa mwalo, yaani kila ufukwe wa kupokelea samaki. Tatizo ni kwamba vikundi vingi huomba fedha za kununulia dagaa, fedha ambazo huisha na msimu.

Kuna msaada mwingine ambao wengi hawaujui. Mjasiriamali mdogo mwenye barua ya utambulisho ya SIDO, shirika la viwanda vidogo, hupata alama ya ubora ya TBS, shirika la viwango, bila kulipia kwa miaka mitatu ya mwanzo. Alama hiyo inapaswa kukubalika katika nchi wanachama wa Afrika Mashariki bila kupimwa upya. Wanaokwama hukwama kwa mambo mawili. La kwanza ni eneo la kazi: hakuna uzio, choo wala maji safi, na mkaguzi anaitwa wakati ukuta umeshapanda. Aitwe kabla, aone ramani. La pili ni ujanja wa sampuli: dagaa waliochambuliwa mmoja mmoja wanapelekwa kupimwa, kisha lori linapakiwa mchanganyiko. Cheti kinapatikana mara moja; mteja haji mara ya pili.

Mpakani ndiko fedha nyingi zinapopotelea. Mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000, wenye asili ya Afrika Mashariki na ulio katika orodha iliyokubaliwa, unaweza kuvuka kwa cheti rahisi cha uasili wa bidhaa kinachotolewa na forodha pale pale mpakani. Wengine wanagawa lori moja katika majina matano ili kila jina libaki chini ya kiwango hicho. Maofisa wanaujua mchezo huo. Ukizidi kiwango hicho, andaa ankara, orodha ya mzigo, cheti cha uasili, leseni ya kusafirisha mazao ya uvuvi, cheti cha afya cha mzigo husika na wakala wa forodha. Uzito kwenye nyaraka hizo zote ulingane: gunia moja likizidi, lori linalala. Cheti cha uasili pia huondoa ushuru wa forodha peke yake. Tozo za uvuvi na kodi za ndani za nchi unakoingia zinabaki. Na mzigo wa Goma unaopitia Rusumo, mpakani na Rwanda, unahitaji dhamana ya forodha, yaani hakikisho kwamba hautauzwa njiani, ili kuvuka Rwanda, gharama ambayo wachache huiweka kwenye bei kabla ya kukubaliana na mteja.

Mtaji ni kisa kingine. Wakati wa mbalamwezi uvuvi wa dagaa husimama, kwa hiyo anayemwahidi mteja lori kila mwezi lazima awe na akiba ghalani. Benki haiikubali akiba hiyo kuwa dhamana. Benki Kuu inasimamia mfuko wa dhamana ya mikopo kwa wanaouza bidhaa nje ya nchi, lakini mlango wake ni benki ile ile inayodai hati ya nyumba. Stakabadhi ghalani, yaani hati ya mzigo uliohifadhiwa inayoweza kuwekwa dhamana ya mkopo, iliyozoeleka kwenye korosho na ufuta, ijaribiwe kwa dagaa katika ghala moja lenye sakafu kavu na mizani iliyohakikiwa.

Kwa TanTrade, mamlaka ya maendeleo ya biashara, na Wizara ya Viwanda na Biashara, ombi ni dogo. Sehemu ya fedha za mabanda iende kwenye dawati moja Kirumba Mwaloni, lenye ofisa wa uvuvi, wa TBS na wa forodha, siku mbili kwa wiki. Ubaoni pabandikwe bei za wiki za Goma, Kigali na Bujumbura, pamoja na tozo zote za kila njia kwa shilingi. Dawati lifunguliwe asubuhi, kabla malori hayajaanza kupakia.

Mdau wa biashara ya dagaa,
Kirumba, Mwanza