Tumwite mtu kwenye Uislamu, si kwenye kambi zetu

Ndugu Mhariri,

Assalaam alaykum. Naomba nafasi nizungumze na wenzangu tulio katika kazi ya daawa, yaani kuwaita watu kwenye Uislamu, hasa sisi tunaokaa na watu siku chache tu baada ya kusilimu.

Kijana mmoja alisilimu, na wiki ya pili akaja darsani na daftari lake. Kurasa za mbele alikuwa ameandika Suratul Fatiha kwa herufi za Kilatini, kwa penseli, na karatasi imechakaa pale alipokuwa akifuta na kuandika tena. Alikuwa bado hajavuka "Iyyaka na'budu". Ukurasa wa mwisho aliupiga mstari wa rula katikati. Upande mmoja: "wako sawa". Upande wa pili: "wamepotea". Chini yake yalijaa majina: Suni, Shia, Ibadhi, Salafi, Sufi, kisha majina ya masheikh ambao hajawahi kuwaona. Akaniuliza kwa adabu kabisa: "Ustadhi, wewe nikuandike upande gani?"

Orodha ile hakuitunga yeye. Alipewa na waliompokea msikitini, watu wenye nia njema, wakiamini wanamkinga na upotofu. Nami siwezi kuwalaumu wao peke yao, kwa kuwa miaka ya nyuma nilikuwa nikifanya hivyo hivyo. Mtu akishatamka tu shahada, tamko la kuingia Uislamu, swali langu la kwanza lilikuwa amesilimishwa na nani.

Turudi kwenye msingi. Katika Surat Fussilat, aya ya 33, Mwenyezi Mungu anamsifu anayelingania kwake, akatenda mema, akasema kwamba yeye ni katika Waislamu. Jina ni hilo. Surat Al-Hajj, aya ya 78, inatuambia kuwa ndilo tuliloitwa tangu zamani. Na Mtume (s.a.w.) alipomtuma Sahaba wake Muadh bin Jabal Yemen, alimpangia hatua: kwanza awaite watu kwenye shahada, wakikubali, awajulishe sala tano, wakikubali, awajulishe zaka, inayotolewa kwa matajiri wao na kurudishwa kwa mafukara wao. Yapo mengi ambayo Muadh angeweza kuwaambia siku ile ya kwanza. Aliagizwa aanze na hayo, na kwa mpango huo.

Kuna kisa kingine ambacho kila nikikisoma kinanitikisa. Katika safari moja ya vita, Muhajiri mmoja, yaani Mwislamu aliyehama kutoka Makka, alimpiga Answari, mwenyeji wa Madina aliyewapokea. Huyu akaita, "Enyi Answari!" Yule naye akaita, "Enyi Muhajirina!" Mtume akasikia, akauliza kulikoni mwito wa kijahilia, wa zama za kabla ya Uislamu, kisha akasema: "Uacheni, kwani unanuka." Kisa hiki kimo katika vitabu vya hadithi vya Bukhari na Muslim. Sasa tazama majina yenyewe. Muhajirina na Answari hayakuwa majina ya aibu. Qur'ani inawataja kwa sifa katika Surat At-Tawba. Hakuna aliyeamrishwa kuliacha jina lake. Kilichonuka ni kulifanya jina zuri kuwa baragumu la kukusanyia watu dhidi ya ndugu zao.

Ndiyo maana sisemi madhehebu yafutwe. Madhehebu ni elimu, ni njia ya kuisoma sharia kwa nidhamu. Imamu Shafi alikaa mbele ya Imamu Malik akasoma kwake, kisha akatofautiana naye katika mambo mengi bila kumvunjia heshima. Mwaka 2005, wanazuoni zaidi ya mia moja kutoka nchi mbalimbali walikutana Amman, Jordan, wakakubaliana kwamba mfuasi wa mojawapo ya madhehebu manne ya Kisuni, au Jaafari, Zaidi, Ibadhi na Dhahiri, ni Mwislamu na hajuzu kumkufurisha, yaani kumwita kafiri. Ukimfundisha mtu sala kwa fiqhi ya madhehebu fulani, mwambie hivyo waziwazi. Akimwona mwenzake ameteremsha mikono na yeye ameifunga, mweleze kwamba hitilafu hiyo ni ya wanazuoni tangu zamani. Kumficha si uaminifu.

Tena niseme na wale wanaotamba kwamba hawana madhehebu, wao ni "Waislamu tu". Neno ni la haki. Lakini nimelisikia likitamkwa kwa namna ya kuwatoa wengine nje, nalo likageuka lebo kama lebo nyingine, pengine kali zaidi.

Nitaambiwa: je, hadithi ya makundi 73, isemayo umma utagawanyika hivyo na litaokoka moja tu? Ipo, na wapo wanaoisoma siku ya kwanza kama onyo la mlangoni. Basi isomwe hadi mwisho. Katika riwaya ya Tirmidhi, Mtume alipoulizwa ni kundi lipi litakalookoka, alijibu kwamba ni lile lililo juu ya yale aliyo juu yake yeye na Sahaba zake. Liliulizwa jina, yakajibiwa matendo. Mgeni anayefunzwa kusema kweli, kutimiza ahadi na kuwatendea wema wazazi wake ambao bado hawajasilimu, huyo anaonyeshwa jibu lile kwa vitendo.

Tunawapoteza watu, Mhariri. Mtu ameacha mengi ili aje, pengine kwao hawasemi naye, halafu anajikuta katikati ya ugomvi ulioanza karne nyingi kabla hajazaliwa, akitakiwa achague upande kabla hajajua kutawadha vizuri. Wengine huondoka kimya, na sisi tunasema imani yao ilikuwa dhaifu.

Ombi langu kwa masheikh, maustadhi na wote wanaopokea wageni: mwaka wa kwanza awe na Fatiha yake, sala yake, saumu yake, tabia yake. Akiuliza kuhusu makundi, ajibiwe kwa elimu na bila matusi. Asipouliza, tusimtwishe.

Yule kijana nilimwambia asiniandike upande wowote. Tuliufungua ukurasa wake wa mbele, tukaendelea kutoka "Iyyaka na'budu", na hadi adhana ya Alasiri alikuwa amefika "Ihdinas-sirat".

Wassalaam,
Mwalimu wa darsa la waliosilimu